Mpishi wa dango aliyeacha kuonja

Mvuke umeshafunika kioo cha mlango, na huko nje Stockholm bado haijaamua kama huu ni mwisho wa baridi au mwanzo wa majira mengine. Katika jiko ambalo vitanda viwili vingelijaza, Concessa Barampama anatoa bonge la unga wa mchele kwenye chungu cha mvuke, analibwaga juu ya meza iliyolowa maji na kuanza kulikanda kabla halijapoa. Linaunguza. Anapuliza vidole, anaendelea.

Kisha anafanya jambo ambalo mgeni anaweza kulicheka. Anabonyeza bonge kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili anabonyeza ndewe ya sikio lake, chini kidogo ya hereni. Bonge, sikio. Bonge, sikio. Anaongeza maji ya moto, anakanda tena.

"Ikilingana na sikio, imekuwa," anasema. "Ndivyo nilivyofundishwa. Mimi sikio langu nene kidogo, kwa hiyo maji naongeza."

Anachokanda ni dango, madonge madogo ya Kijapani yanayochomekwa kwenye kijiti kama mshikaki. Duka ni dogo, liko kwenye kichochoro karibu na Mariatorget, na wanaolijua hulijua kwa harufu ya sukari inayoungua. Concessa ana miaka hamsini na tatu, Mrundi wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura ambao Kiswahili chake hakiombi ruhusa kwa mtu. Kila asubuhi anapanda treni ya njia nyekundu kutoka kitongoji cha Hallunda, amejifunga kitambaa kichwani na kofia ya sufu juu yake.

Dango zinapokwisha kuiva, anazipanga kwenye sinia. Za leo ni za rangi tatu katika kijiti kimoja: waridi, nyeupe na kijani. Huliwa wakati huu miti ya cheri inapochanua, na bustani ya Kungsträdgården hujaa watu wanaoangalia maua juu huku mikono ikiwa kwenye vikasha vya chakula. Rangi ya waridi Concessa anaitoa kwenye kiazisukari chekundu. Ya kijani inatokana na majani ya mmea wa jamii ya pakanga unaoota ovyo kandokando ya msitu wa Hallunda, ambao majirani zake huuita gugu. Huyachuma machanga, huyachemsha na kuyagandisha kwa ajili ya mwaka unaofuata.

"Kuna bibi mmoja Mswidi aliniona nachuma," anakumbuka. "Akaniuliza kama nina sungura nyumbani."

Zipo dango za aina nyingine, na kila moja ina mambo yake. Zipo zinazochomwa kidogo juu ya moto kisha kumwagiwa mchuzi mzito wa soya na sukari, na hizo, zinazoitwa mitarashi, ndizo zinazolipa kodi ya chumba. Zipo za ufuta mweusi, na zipo za kunyunyiziwa unga wa soya iliyokaangwa, ambazo ukicheka huku unazila unapaliwa. Zipo zilizofunikwa rojo la maharagwe mekundu yenye sukari.

Hizo za maharagwe zilimpa shida Concessa. Mtu aliyekula maharagwe kila siku ya utoto wake, yenye chumvi na mafuta ya mawese, anaambiwa ayatie sukari.

"Bon, nilitia sukari. Halafu bosi alipogeuka nikatia na chumvi na kitunguu kidogo, nikajua nimemsaidia," anasema, na anacheka mpaka anashika meza.

Bosi huyo ni Chizuru Lindqvist, mwenye miaka themanini na moja, aliyeolewa na Mswidi akiwa binti na kulifungua duka hili baada ya mumewe kufariki. Concessa alikuwa akisafisha ofisi katika mtaa wa Kista, kazi aliyoifanya miaka tisa, alipopata saa za nyongeza za kuosha vyombo hapa. Siku moja Chizuru alimsukumia bakuli la unga na kumwambia akande.

Concessa alisonga bugali, ugali wa kwao. Ni unga, kuna maji ya moto, angefanya nini kingine? Donge lilitoka zito na la kushibisha. Chizuru aliliuma, akalirudisha kwenye sahani taratibu na kusema linafaa kujengea nyumba. Kisha akamshika Concessa sikio.

Wawili hao huongea Kiswidi ambacho Mswidi mwenyewe hukisikiliza akikunja uso. Lakini jikoni walikuwa na utaratibu uliokuwa ukisema zaidi yao. Kila asubuhi, dango ya kwanza ilipokwisha kutoka, Chizuru aliionja yeye. Alitafuna, akaangalia dari, akatikisa kichwa kukubali au kukataa. Baada ya hapo ndipo Concessa alipoonja yake. Hakuna aliyewahi kuupanga utaratibu huo.

"Kwetu, mkubwa asipogusa chakula, mdogo hanyooshi mkono," anasema Concessa. "Sikufundishwa kwa maneno. Ukinyoosha, unaona tu macho ya watu."

Januari iliyopita Chizuru alipata kiharusi. Upande wa kulia ulilegea, na koo nalo. Anaweza kuongea polepole, anaweza kukasirika kama zamani, ila hawezi kumeza chakula kinachonata. Amehamia nyumba ya wazee huko Årsta, ambako hula vyakula vilivyosagwa na kugandishwa. Dango, kwa mtu wa hali yake, inaweza kumuua mezani.

Mwanawe, Mikael, anafanya kazi ya kompyuta na hana mpango wa kukanda unga. Alimwendea Concessa na ombi la heshima: alichukue duka kwa jina lake mwenyewe. Mkataba wa chumba unaisha Juni. Akikataa, chumba kitarudishwa na vyungu vitauzwa. Alimpa mpaka mwisho wa Aprili ajibu.

Jambo ambalo Mikael hakulijua ni kwamba Concessa alikuwa ameacha kuonja.

"Sikuapa," anasisitiza. "Watu wa kanisani wanafikiri niliapa. Hapana. Asubuhi ya kwanza bila yeye nilichukua dango, nikaileta hapa," anagusa kidevu, "mkono ukakataa. Niliona kama nakula mbele yake na yeye ana njaa. Nikairudisha. Kesho yake tena. Basi, ikawa hivyo."

Kwa wiki kadhaa hakuna aliyegundua. Mikono ilijua kazi, sikio lilikuwepo, pua ilikuwepo. Mchuzi aliupima kwa macho. Mpishi anaweza kwenda hivyo kwa muda, kama dereva anayejua njia ya nyumbani hata akisinzia, na sote tunajua safari ya namna hiyo huishia wapi.

Machi, muuzaji alileta soya ya kampuni nyingine, kali zaidi. Concessa aliimimina kwa kipimo kilekile. Ijumaa nzima duka liliuza mitarashi iliyokuwa na chumvi ya kutisha.

Aliyerudi kusema alikuwa Cliff, mhandisi Mkenya wa Kista ambaye kila wiki huwanunulia wenzake wa ofisini kikasha kizima. Alikiweka mezani kikiwa karibu kimejaa.

"Mama, na heshima zote," alimwambia, "hii leo mmetuuzia samaki omena wa chumvi ama nini? Wale majamaa wangu walikunywa maji hadi meeting ikasimama."

Concessa aliomba radhi, akamrudishia pesa na kumwaga sufuria. Cliff alisamehe palepale. Wateja wengine hawakusema kitu, na baadhi yao hawajaonekana tena. Hilo ndilo linalomuuma, kwa sababu hajui ni wangapi na hajui awatafute wapi.

Binti yake, Tereza, mwanafunzi wa chuo anayesaidia dukani mwishoni mwa wiki, alishika kichwa. Tereza huelewa kila neno la Kiswahili cha mama yake na hujibu kwa Kiswidi. "Men smaka då, mamma," alimwambia: si uonje tu, mama. Concessa alimjibu kwamba mambo mengine hayana "tu".

Habari zikamfikia Chizuru huko Årsta, na Concessa alipokwenda kumwona wakagombana. Mwandishi wa makala haya alisimuliwa tukio hilo na wote wawili, na masimulizi yao yanalingana, isipokuwa kila mmoja anadai mwenzake ndiye aliyepaza sauti.

Chizuru alisema mpishi asiyeonja anawauzia watu bahati nasibu. Alisema hakulea duka miaka yote hiyo ili liuawe na adabu. Concessa alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akasema kitu ambacho hata yeye hakujua kama angekisema: "Basi na wewe ule kwanza."

Chizuru akageuza uso dirishani. Akasema: "Tengeneza ninayoweza kumeza."

Kuanzia hapo Concessa amekuwa akikaa jikoni baada ya duka kufungwa. Aliacha unga wa kunata. Alichanganya tofu, ile jibini laini ya soya, ikanata bado. Alipika wali mpaka ukawa uji, akausaga, akauchuja, akaugandisha. Mara ya kwanza ukakataa kushikana, mara ya pili ukawa mgumu kama raba. Kila jaribio alilipeleka kwa Josefin, mtaalamu wa matatizo ya kumeza katika nyumba ile, ambaye Waswidi humwita logoped. Josefin alilibonyeza kwa uma, akageuza kijiko juu chini kuona kama linanata, na mara nyingi akasema hapana.

"Alisema hapana vizuri sana, kwa upole," anasema Concessa. "Nilitamani angekuwa mkali, ili nimchukie kidogo."

Anakiri kwamba kuna jioni alikaa kwenye treni ya kurudi Hallunda akilia waziwazi, na watu wa Stockholm, kama kawaida yao, wakaangalia simu. Hofu yake haikuwa mkataba peke yake. Aliona anaweza kulipokea duka kutoka kwa Mikael, akaandikwa jina mlangoni, na bado akawa mtu anayekaanga na kukanda vitu asivyovijua ladha. Duka la namna hiyo, anasema, hawezi kulikubali hata akipewa bure.

Wiki hii, kijiko cha Josefin kilipogeuzwa, kitu kikateleza na kuanguka sahanini bila kuacha alama. Josefin akakijaribu tena, na tena. Kisha akasema ndiyo, Chizuru anaweza kula, kidogokidogo, Josefin mwenyewe akiwepo.

Ndiyo maana leo Concessa anamwachia Tereza duka na sinia za rangi tatu, anafunga kikasha kwa kitambaa na kuondoka. Sufuria la mchuzi wa mitarashi limebaki jikoni likiwa la moto. Kichupa kidogo cha mchuzi huohuo kiko mfukoni mwake.

Chizuru anamsubiri ameketi wima kabisa, nywele zimechanwa, sweta limefungwa vifungo mpaka shingoni. Josefin amevuta kiti karibu. Concessa anaweka sahani. Ndani yake kuna madonge matatu meupe, laini, yanayotikisika kidogo meza ikiguswa. Hayana kijiti. Anayamwagia mchuzi, na tone moja linaanguka kwenye kitambaa cha meza.

Chizuru anaangalia sahani kwa muda mrefu. Anachukua kijiko kwa mkono wa kushoto, anakata kipande, anakitia mdomoni na kuinamisha kidevu kama alivyofundishwa.

Anameza. Josefin anamwomba aseme "aaa". Sauti inatoka safi.

"Hii si dango," anasema Chizuru.

Lakini kijiko kimesharudi sahanini. Chizuru anakula tena. Anakula kipande cha tatu, macho yakiwa darini, na donge la kwanza linakwisha. Machozi yanamtoka Concessa naye hayafuti, anaacha yashuke.

Kisha Chizuru anaisukuma sahani kwa vidole upande wa pili wa meza, mpaka inamgusa Concessa mkono.

"Sasa wewe," anasema.

Concessa anachukua kijiko. Tangu Januari hajaweka mdomoni kitu alichokipika kwa ajili ya duka. Anakata, anachota mchuzi, anatia. Anafumba macho. Taya linatembea mara moja, mara mbili, linasimama. Katika uso wake furaha inaanza, halafu inaingiliwa na kitu kingine, mkunjo mdogo kati ya nyusi.

"Sukari imezidi," anasema.

"Imezidi sana," anasema Chizuru. "Nilikuwa nakungoja uiseme."

Concessa ameshasimama. Anatafuta simu kwenye koti, anaiangusha, anaiokota. Huko Mariatorget, Tereza anapokea, na sauti za wateja zinasikika nyuma yake.

"Sufuria la mchuzi, limwage," mama yake anamwambia kwa Kiswahili. "Usiuze hata kijiti kimoja cha mitarashi. Wape za rangi tatu, waambie mpishi anakuja. Na Mikael akipita, mwambie duka nalichukua."