Profesa wa Mwanga na Mama Yake

Wiki jana nilikuwa kwenye laini ya kliniki ya macho, Longisa. Mbele yangu alikaa mama mzee kutoka Kimulot na mwanawe, profesa wa uhandisi ambaye amechunguza mwanga maisha yake yote, hapa na ng'ambo. Muuguzi alimmulika mama kwa tochi, akasema, "Ni mtoto wa jicho. Atafanyiwa operesheni."

Profesa akavua miwani yake, akaipumulia mpaka ikaingia ukungu, kisha akashika kidole cha mama akakigusisha kwenye kioo. "Mama, mwanga unafika, lakini ukungu kama huu unautawanya. Kazi yangu ndiyo hiyo, kutafuta mwanga unapotelea wapi."

"Profesa, watu wanangoja," muuguzi akamkumbusha.

Mama akainua mkono. "Mwache amalize, sista. Nimechuma majani chai nikamsomesha mpaka akaitwa profesa, na leo ndiyo mara ya kwanza ananiambia alisomea nini."

Huku kwetu mtoto akipata digrii tunakodisha tenti na kuchinja ng'ombe. Digrii ni ya nini, hatuulizi, naye hasemi.

Muuguzi aliweka tochi mezani. Profesa akavuta kiti karibu, akapumulia miwani tena, akaanza upya.