Diski za Kwenye Kamba ya Katungu

Katungu wa Bungulu hunakili diski za kwaya na za harusi, na ana sheria moja inayoniudhi mimi jirani yake ninayekaanga mandazi nikisikia nyimbo zilezile kutwa: diski haitoki dukani mpaka mteja ameketi akaisikiliza mwanzo hadi mwisho. Ikikwama popote, anaitundika kwenye kamba nje, watu waone kwamba mbovu haziuzwi.

Jumamosi moja alikuwa na diski themanini za kwaya ya Oicha, za kuzinduliwa kesho yake. Mara akatokea Paulin, mtoza kodi mgeni, na karatasi ya kufungia duka mkononi. Hakuuliza hata hali. Alianza kuhesabu zile za kwenye kamba.

"Mama, hizi makumi ine na tatu haziko mu karatasi yako ya déclaration. Lipa taxe, ao nafunga sasa hivi."

"Papa, hizi zilishakufa! Taxe ni ya diski yenye kuimba. Weka mu machine, usikilize."

Akaweka. Ya kwanza ikasema hale-hale-hale, ikagoma hapo. Ya pili ikaruka kama mbuzi. Watu wakajaa. Kufika ya tano, mafundi cherehani wa ng'ambo ya barabara walikuwa wanacheza kwa kukwamakwama, bega juu, ngoja, bega chini. Mandazi yangu yakaungua nami nimo katikati, nacheka mpaka machozi. Arobaini na mbili, zote vilema!

Ya mwisho ikaimba. Ikaimba tu, safi, wimbo baada ya wimbo. Katungu akashika kichwa, maana alikuwa ametundika diski nzima.

"Moja, mama," Paulin akasema, kalamu juu.

"Andika moja! Kosa ni yangu." Akalipa hapo hapo, akapokea risiti, akaibusu. Tukaanza kucheka upya.

Paulin akakohoa. "Na ile ya mwisho... iko bei gani? Mama yangu ataipenda."

"Ile hapana. Ilikaa ku jua mwezi muzima. Nitakupa mupya. Lakini utaikala hapa, usikilize mpaka mwisho."

"Niko ku kazi, mama."

"Na mimi niko ku kazi."

Akaketi. Nikampa mandazi yaliyopona. Dakika hamsini nzima alitikisa mguu, na alipoondoka na diski yake, ile karatasi ya kufungia duka ilibaki kitini alipokuwa ameikalia, imelowa mafuta yangu.