Siku Milango Miwili Iliposhikana

Aibu hii ni yangu, na nimechoka kuisikia kwa watu wengine, maana huko Kondoa kila anayeisimulia anaongeza lake, nasikia kuna mmoja ameweka mpaka gari la zimamoto, kwa hiyo kaeni niwape yenyewe, na mkitaka kucheka chekeni tu, mimi nimeshazoea.

Nyumba yetu ya Nzuguni, hapa Dodoma, tulihamia haijaisha, kama watu wengi, na aliyeichora (simtaji, ni shemeji yangu) aliweka choo cha wageni kwenye kona ya sebule, ubavuni mwa jiko, kiasi kwamba ukikaa kwenye sofa kubwa unatazamana na mlango wa choo uso kwa uso. Hilo tulilizoea. Kilichonikera ni mlango wenyewe, maana ulifungukia ndani na kugonga sinki, na mtu mwenye mwili kama wangu ilibidi aingie, ajibanze ukutani, avute pumzi, ndipo aweze kuufunga.

Sasa mdogo wangu Rukia akapata mchumba, kijana mzuri anaitwa Twaha, na ukoo wake wa Kondoa ukatuma salamu kwamba Jumapili wanakuja kuleta posa. Wazazi wetu walishatangulia mbele za haki, kwa hiyo mimi dada mkubwa ndiye mama, na shughuli ni kwangu. Twaha akanionyesha kwenye simu picha ya baba yake, Mzee Issa. Jamani! Mzee mrefu, kifua hiki, tumbo lile! Nikamtazama mzee, nikautazama mlango wa choo, nikajua huyu akiingia mle hafungi mlango, na akiuacha wazi, wazee wenzake wako kwenye sofa kubwa wanamtazama.

Nikaamua nigeuze mlango ufungukie nje.

"Mama Nasra," mume wangu akasema, "tumwite fundi."

"Fundi wa nini? Mlango ni mlango. Ukiweza kufungukia ndani, na nje unaweza."

Na niliweza! Jumamosi nilishika bisibisi, patasi na nyundo, nikahamisha bawaba, nikabandika kitasa upya, na mpaka jua linapungua ule mlango ulikuwa unafunguka laini kama wa hotelini. Nikaufungua na kuufunga, nikaufungua na kuufunga, nikamwita Baba Nasra aje aone. Nilijisikia vizuri mno mpaka nikaona kwa nini niishie hapo, nikahamisha na friji, nikalisukumia kwenye mlango wa nyuma wa jiko ili kesho tupate nafasi ya kupikia. (Mlango wa jiko kuja sebuleni nao unafungukia sebuleni. Muda wote nilipokuwa naujaribu wa choo, huu ulikuwa umefungwa. Sikuufikiria hata kidogo.)

Jumapili wageni wakafika, wanaume watano wa heshima zao, wamekuja na madumu ya asali na kuku. Upande wetu alikuwepo mjomba, mume wangu na mimi, na Rukia nilimficha jikoni peke yake kama inavyotakiwa, kajitanda khanga mpya, asubiri aitwe. Mazungumzo yakaenda vizuri. Ikakaribia adhuhuri, Mzee Issa akasema naomba nikatie udhu, nami nikasimama kwa madaha nikamfungulia mlango wangu mwenyewe kwa mkono wangu. Akaingia, akajifungia bila shida yoyote. Nikamkonyeza mume wangu.

Hapo ndipo nilipotaka kuongeza chumvi kwenye chakula kilichokwisha kukolea. Nikawaza, mzee akitoka amkute mkwe wake sebuleni, kapiga magoti na jagi na beseni, ananawisha wageni. Picha nzuri ilioje! Nikaita kwa sauti, "Rukia! Leta maji ya kunawa!"

Rukia akausukuma mlango wa jiko kwa nyonga maana mikono ina vitu. Sekunde ileile Mzee Issa akausukuma wa choo. Tukasikia "kacha!", kisha maji kumwagika.

Milango imekutana kwenye kona, kitasa cha huu kimepita nyuma ya kitasa cha ule, vimeumana kama pembe za mafahali. Rukia akisukuma, anamfungia mkwe. Mkwe akisukuma, anamfungia Rukia. Umebaki upenyo wa kupitisha mkono tu.

"Nani huyo?" ikatoka sauti nzito chooni.

"Ni mimi, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Rukia."

"Rukia mwenyewe?"

"Ndiyo, baba. Mwenyewe."

Nilitamani sakafu ipasuke. Binti wa watu, hajatambulishwa, anasalimiana na baba mkwe kwenye upenyo wa choo! Nikaruka pale, nikapaza sauti kama kocha, "Wote wawili vuteni ndani, kwa pamoja!" Wakavuta. Mzee Issa ana nguvu, nami skrubu nilizotumia zilikuwa fupi (ndizo nilizokuwa nazo), basi kitasa cha ndani kikang'oka, kikabaki mkononi mwake, na kile cha nje kikaning'inia palepale kikiwa kimemshika mwenzake vizuri zaidi kuliko mwanzo.

"Mlango wa nyuma," mume wangu akaninong'oneza. "Nipitie nyuma, nimsaidie Rukia kuuvuta huu wa jiko."

"Una friji."

"Tangu lini?"

"Jana."

Akanitazama kwa namna ambayo sitaki kuisimulia, akazunguka nje kwenda kusukuma. Friji limejaa nyama na soda, halikusogea.

Mmoja wa wageni, mjomba wa Twaha, mzee mwembamba aliyekuwa hajacheka tangu afike, akatikisa kichwa. "Jambo la heri halianzi hivi," akasema. "Hii ni ishara." Mdogo wangu huyu nimemlea mimi, nimemsomesha mimi, halafu posa yake ivunjwe na mlango wangu?

Nikakimbilia nyundo chumbani. Kurudi, nawakuta wafungwa wangu wanaongea.

"Hilo pilau linalonukia umepika wewe?" mzee anauliza.

"Nimepika mimi, baba. Dada alianza, akaunguza vitunguu, nikarudia."

(Rukia! Hata kunifichia!) Nikasikia mzee anacheka mle ndani, kicheko kikubwa kikajaa choo kizima.

Akili ikanijia. Mlango ukifungukia nje, bawaba zake ziko nje, upande wangu! Nikachukua msumari mnene, nikaanza kugonga pini za bawaba, ya chini ikatoka, ya katikati ikatoka, na nilikuwa najisifu kimoyomoyo nilipoigonga ya juu. Sikuwa nimejiuliza mlango ukikosa bawaba utaegemea wapi.

Uliegemea kwangu. Nikaenda chini chali, mlango juu yangu, Rukia naye akachomoka jikoni na beseni tupu akaukanyaga ule mlango (na mimi chini yake), na pale kwenye uwazi, mbele ya sofa kubwa, mbele ya wazee wote, akasimama Mzee Issa, suruali imekunjwa mpaka magotini, maji yanamchuruzika, kitasa mkononi.

Akawatazama. Wakamtazama.

"Asalaam alaikum," akasema.

"Waalaikum salaam," wakaitikia wote, kama msikitini.

Halafu wakaangua kicheko, mjomba wetu akajishika mbavu, na hata yule mwembamba alifunika uso kwa kofia mabega yakimtikisika. Alipopata pumzi akajaribu tena habari za ishara, Mzee Issa akamkata, "Ishara gani? Binti nimeshaongea naye. Hakulia, hakupiga kelele, na nilipomuuliza kuhusu pilau aliniambia ukweli. Mtoeni dada yake chini ya mlango, tuswali, tule."

Posa ikapita. Wiki ileile nilirudi kazini, peke yangu, nikahamishia bawaba za choo upande wa pili ili mlango ufunguke kuelekea dirishani, wa jiko nikaung'oa kabisa nikatundika pazia, friji likarudi kwao. Kona ile sasa njooni muione, haina kasoro. Ila kwenye harusi, nilipoingia tu Kondoa, mwanamke nisiyemjua akaninyooshea kidole, "Ndiye yule wa mlango!" na kina mama wakanipigia vigelegele kuliko bibi harusi.

Basi nimeapa, na nawashauri na ninyi: usihamishe mlango wowote kabla hujafungua milango yote ya nyumba kwa wakati mmoja ukasimama katikati ukaitazama. Na usiuhamishe kama kesho yake kuna wageni. Kuita fundi sijaapa. Kabati letu la nguo linaziba dirisha la chumbani, nimeshalipima, Jumamosi nalihamisha, na Baba Nasra ameniaga kwamba siku hiyo anashinda kwa rafiki yake Ipagala.