Rangi ya Mama

Mama alipofariki, shangazi zangu walinipa kazi moja tu: picha. Mimi ndiye niliyekuwa na studio mjini Machakos, kichumba chenye kompyuta na printa ya wino. Na kwetu Mitaboni picha ya marehemu hutangulia jeneza hadi kanisani, kisha hutundikwa sebuleni. Ikiharibika, mtaishi nayo.

Nakala ya kwanza ilitoka ya kijivu, mama kama aliyepakwa majivu. Kosa nililijua. Karatasi zangu za kung'aa zilikuwa zimeisha, nikanunua za aina nyingine kwa Msomali mwenye duka karibu na soko, lakini kompyuta ilikuwa bado inafuata profaili ya rangi ya karatasi za zamani, ile inayoiambia printa imwage wino kiasi gani. Kila karatasi hunywa wino kivyake. Ukiidanganya printa kuhusu karatasi, nayo itakudanganya kuhusu mtu.

Wenzangu wenye studio mjini hawakujisumbua na hayo. Mteja akitoka kijivu, waliongeza mwangaza mpaka akapauka, naye akashukuru. Kwenye nyumba za mtaa wa Mumbuni nimeona marehemu ukutani ambao mbwa wao wenyewe wangewabwekea.

Shangazi mkubwa akaja kukagua.

"Hii iko na giza sana," akasema. "Ongeza mwangaza, akuwe brown kidogo. Watu wa kanisa watakuja wengi."

"Shangazi, mama alikuwa mweusi."

"Najua. Lakini hii ni picha ya heshima."

Heshima! Neno hilo lilinichoma. Tangu mama aolewe alichekwa kwa weusi wake, na waliomcheka ni hao hao dada za baba. Sasa yuko mochari, hawezi kujibu, ndipo wanataka kumtakasa. Nikamwambia shangazi kama anataka mtu mweupe atafute studio nyingine na marehemu mwingine. Akaketi, amenuna.

Nikachagua upya aina ya karatasi kwenye kompyuta, nikaweka profaili iliyokuja na pakiti mpya kwenye sidii, nikachapa kipande chembamba cha shavu la mama. Nilikiacha kikauke, maana wino mbichi ni mwongo, kisha nikakitoa nje juani na kukilaza juu ya mkono wa dada yangu. Yeye ndiye aliyechukua rangi ya mama. Kilikuwa chekundu. Nikarekebisha, kilichofuata kikaelekea zambarau.

"Bado," dada akawa anasema, mkono ameunyoosha.

Mwishowe kikaja kimoja kilichopotea kabisa kwenye ngozi yake. Dada akaanza kulia. Nami nilirudi ndani kuchapa ile kubwa.

Siku ya mazishi nilishikilia kwamba shangazi mkubwa ndiye aibebe. Akaibeba, lakini tulipofika lango la kanisa nikaona ameigeuza, uso wa mama umeelekea kifuani pake. Nikatoka kwenye mstari, mbele ya watu wote, nikaigeuza.