Picha ya Baba Mkwe

Mpaka leo nikimkumbuka yule mtaalamu damu inanichemka. Miaka ya sabini nilikuwa mhudumu katika jumba dogo la makumbusho mjini Mbeya. Mtaalamu huyo aliletwa kupima ni picha zipi zinavutia wageni. Alikuja na kamera ya filamu, akaificha chini ya picha kubwa ukutani, ili inase macho ya wageni na kuonyesha wanatazama nini na kwa muda gani.

Aliyekuwa kwenye picha ile ni babu yangu mzaa baba, mhunzi, amesimama mbele ya tanuru lake. Mama yangu alikuwa akitoka Iyunga kila siku kuniletea chakula cha mchana. Tangu alipoambiwa ni nani yuko pale ukutani, akifika hujifunika khanga usoni, akainama na kupita upande wa pili wa chumba. Kwetu Wanyakyusa mwanamke hamtazami baba mkwe wake, awe hai au awe picha.

Mtaalamu alipoiona filamu yake akatangaza kwamba picha haina mvuto, hata mama wa mhudumu haitazami. Haina mvuto! Nikamwambia hakuna aliyeijali picha ile kama mama yangu. Akanijibu, "Ndugu, mimi naamini kinachoonekana kwenye filamu." Picha ikateremshwa, ikatupwa stoo.

Kesho yake mama akaja na chakula. Alipofika pale akajifunika khanga, akainama, akaupita kwa mbali ukuta mtupu. Hakujua kama mkwewe ameondolewa, maana hakuwahi kuinua macho.