Mifuko Sita ya Lundo Moja

Saa kumi na mbili asubuhi, Sumintra Boodoo anachota chenga za mawe zinazopanda na matope kutoka kisima cha mafuta kinachochimbwa. Anaziosha kwenye chekeche, anazitia katika mfuko wa kitambaa na kuandika kina: futi 3,280. Kila futi kumi, mfuko mmoja. Ndiyo kazi yake hapa Palo Seco, kusini mwa Trinidad, mwaka wa kumi na tisa sasa.

Leo anaunusa mfuko, kisha anageuza uso.

"Mchanga wenye mafuta," anasema. "Wenzangu wanashangilia. Mimi naona aibu."

Aibu hiyo ina miaka kumi na mmoja. Wakati ule walichimba kisima hatua chache tu kutoka hapa, kwa ushauri wa mjiolojia Hollis Pantin, mzee aliyekula roti, chapati za huko, pamoja na vibarua na kuwafundisha kazi bila maringo.

Mafunzo yake Sumintra anayo hadi leo. Anatandaza kitambaa mezani, anaweka viganja viwili juu yake. Kimoja anakisukuma mbele, kingine anakivuta nyuma. Kitambaa kinajikunja katikati.

"Ardhi yetu ndivyo ilivyo. Pande mbili zinapishana ubavu kwa ubavu kwenye ufa. Penye mkunjo, mafuta yanapanda na kukaa chini ya tuta. Pengine upande mmoja ukisogea, tabaka la mchanga linakutana na ukuta wa udongo wa mfinyanzi. Mafuta yatapita wapi? Yananasa hapo hapo."

Pantin aliamini keekee, chuma kinachotoboa ardhi, ikivuka ufa itatoka kwenye udongo huo na kuingia mchangani. Alimwagiza Sumintra: "Binti, ukiona mawe yamesagika na kung'aa kwa kusuguana, niite hata kama nimelala."

Ikaja Jumatatu ya Karnivali. Ngoma za chuma zikapita barabarani, watu wakicheza nyuma yake, na Sumintra akatoka "dakika tano tu". Alirudi baada ya saa tatu, kapakwa tope la sherehe mwili mzima, keekee imeshashuka futi sitini. Akachota lundo moja la udongo wa mfinyanzi, akajaza mifuko sita, akaandika vina sita.

Mifuko ikasema udongo wa mfinyanzi mtupu, bila jiwe linalong'aa. Kampuni ikakifunga kisima kwenye futi 3,260. Watu thelathini na wanne walirudishwa nyumbani, mume wa Sumintra akiwemo. Pantin akaitwa mpiga ramli, akastaafu mwaka uleule.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Wiki hii, katika kisima kipya, mawe yanayong'aa yalitokea futi 3,230, kina kilekile cha mifuko ya uongo. Mchanga ukaja futi 3,270.

"Futi kumi!" Sumintra anajipiga paji la uso. "Tuliacha bado futi kumi."

Jioni mimi, mwandishi wa habari hizi, nilimsindikiza hadi mji wa Siparia. Tulimkuta Pantin barazani akimenya chungwa. Sumintra alisema yote akiwa amesimama.

"Mjomba Hollis, nilikuharibia jina."

Mzee aliendelea kumenya. "Karnivali?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Angalau ulicheza vizuri?"

Sumintra akaangua kilio. Mzee akaliweka chungwa chini.

"Huo mchanga una rangi gani?"

"Kijivu. Chembe zake nene."

"Nenda kaulete."

Hakusema amesamehe. Wala hakutukaribisha kukaa.

Mfuko hautoki bila ruhusa ya bosi, na bosi atauliza unakwenda wapi na kwa nini. Sumintra ameamua kumwambia ukweli kesho asubuhi, kabla hajavaa buti za kazi.

"Akinifukuza, haki yake. Ila nitamwomba anifukuze na mfuko mkononi. Mjomba anausubiri."