Mchanga wa Ukingoni

Mdogo wangu wa kiume anaitwa Unyoya, na kitambi chake kile hakihusiki. Jina amelipata kwa vimashua anavyounda, vya mashindano, vya watu wawili. Uzito hautaki kabisa. Atakuonyesha skrubu moja na kukuuliza kama kweli lazima iwepo. Mimi dada yake nashona matanga chumba cha pili, na kila tanga nikimpelekea analipima mkononi kwanza, kama mtu anayenunua vitunguu na hamwamini muuzaji. Ananichosha, lakini kazi anaijua. Kimashua chake mbele ni chembamba, nyuma tumbo lake ni bapa, kwa hiyo upepo ukikolea hakipasui maji tena, kinanyanyuka na kuteleza juu yake.

Shida ni kwamba kitu chepesi chenye tanga kubwa hupinduka upesi. Ndiyo maana mmoja anakaa na usukani, na mwenzake anasimama ukingoni, mwili wote nje juu ya maji, ameshikiliwa na waya tu unaotoka mlingotini hadi kwenye mkanda wake wa kiunoni. Uzito wake ndio unaokiweka sawa, na akiwa mrefu ndiyo bora zaidi. Wa usukani ni binti yangu. Wa kwenye waya ni binti ya mdogo wangu, tunamwita Ngongoti, miguu haina mwisho. Wamekua pamoja, na hakuna kitu alichokipenda mtoto yule kama ule waya.

Sasa, pale ukingoni panaposimama miguu, fundi huchanganya mchanga kwenye vanishi ili unyayo ushike. Mdogo wangu naye amefanya hivyo miaka yote.

Siku ya mashindano wasichana wetu, ndani ya kimashua kipya kabisa, walikuwa wanaongoza, kila mtu amesimama kuwatazama. Likaja wimbi, wala si kubwa, miguu ya Ngongoti ikateleza, akabembea na waya mpaka mbele ya mlingoti, kimashua kikapinduka. Wengine wote wakawapita. Ufukweni watu hawakuwa na mbavu. Mmoja akamwita Sabuni, na jina likashika hapohapo. Binti yangu kwa hasira akasema mbele ya watu kwamba atatafuta mtu mwingine wa kwenye waya. Ngongoti hakujitetea. Baba yake alikuwa pembeni anakunja kamba iliyokwisha kunjwa.

Kesho yake asubuhi niliingia karakana kuchukua tanga lililochanika. Nikamkuta mdogo wangu amepiga magoti kando ya kimashua, brashi mkononi, kikopo cha vanishi huku, bakuli la mchanga kule. Nikapitisha kidole upande ambao alikuwa hajaufikia. Laini kama sahani.

"Hukuweka mchanga," nikasema.

"Dada, ulikuwa unaongeza uzito. Na ukingo ulivyong'aa bila mchanga, we acha tu."

"Uzito gani? Wa kijiko?"

Akachovya brashi tena. Kabla sijamshukia vizuri, Ngongoti akaingia, macho yamevimba.

"Shikamoo baba. Shikamoo shangazi." Akamgeukia baba yake. "Nimekuja kukuomba radhi. Umejichosha na hiki chombo, halafu mimi nikakuaibisha mbele ya watu."

Brashi aliificha nyuma ya mgongo. Mtu mzima, ana mvi.

"Yamepita, mwanangu," akasema. "Usijali."

Mdogo wangu nimembeba mgongoni, lakini sijawahi kumwonea haya kama siku ile. Nilitamani nitoke, nisiwe ndugu yake hata kwa dakika chache. Nikamwambia, "Mwonyeshe mtoto mkono wa pili."

Akautoa polepole. Vanishi ilikuwa imemchuruzikia suruali. Ngongoti akaitazama brashi, akatazama bakuli, akavua kandambili moja, akaweka unyayo kwenye ukingo mkavu, akauburuta. Ukateleza.

"Ulijua tangu jana?" akauliza.

"Nilijua ulipoanguka tu."

"Na waliponicheka?"

"Nilijua."

Akavaa kandambili yake akatoka. Hakubamiza hata mlango.

Siku hiyohiyo mdogo wangu alikwenda klabuni, mimi nyuma yake asije akapata njia ya kuchepuka. Akasimama pale wanapokunywa chai, akasema yote, hata lile la kumwacha mtoto amwombe radhi. Watu wakainamia vikombe vyao. Binti yangu akainuka bila kuaga, akaenda kumtafuta mwenzake.

Ngongoti amerudi kwenye waya, na jina la Sabuni hakuna anayethubutu kulitaja tena. Ukingo sasa una mchanga wa kutosha kusugulia sufuria. Nyumbani anamwandalia baba yake chai kama zamani, wanataniana. Lakini kila wanapoingiza kimashua majini, kabla hajajifunga mkanda, huvua kiatu, akainua mguu, akapapasa ukingo kwa unyayo, toka mwanzo mpaka mwisho, bila haraka. Mdogo wangu husimama pale, maji yamemfika magotini, amemshikia chombo, na hainui uso mpaka mtoto amalize.